Kimya cha Alhamisi

Mtaa mzima ulimwita Redio, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza jina hilo lilitoka wapi. Ukipita mbele ya saluni yake asubuhi ungemsikia. Ukirudi jioni ungemkuta bado yuko hewani. Alikuwa msusi, na mikono yake ilikuwa myepesi kweli, lakini wateja wenyewe walikiri kwamba hawakufuata mikono. Walifuata mdomo. Ukikaa kwenye kiti chake chekundu, chenye mpasuko uliozibwa kwa plasta ya hospitali, ulijua utaondoka na kichwa kizuri pamoja na habari za kila nyumba kuanzia kituo cha mafuta mpaka darajani. Na nisimwonee: hakuwa mtu wa fitina. Aliwapenda watu, na njia aliyoijua ya kumpenda mtu ilikuwa kumwongelesha.

Sasa mtu wa namna hiyo akikuambia kwamba ameamua kumtafuta Mungu kwa kunyamaza, utafanya nini kama si kucheka? Mumewe alicheka. Yeye alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno ya kuhesabu, na siku alipoambiwa habari hiyo alicheka mpaka akaweka randa chini.

"Wewe? Unyamaze?"

"Alhamisi tu. Asubuhi mpaka adhuhuri."

"Mama watoto, wewe hata usingizini unaongea."

"Na wewe unasikiliza hata usingizini? Basi utapumzika."

Alimjibu kwa utani kama kawaida yake, akaingia ndani kupanga vitana vyake. Kitu alichokuwa anakitafuta hakumwambia. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Redio aliyetangaza ya kila nyumba, hili moja lilikuwa halijapita kinywani mwake tangu utoto.

Lilikuwa hivi. Alipokuwa msichana wa shule ya msingi, Jumamosi moja ilifika zamu yao ya kufagia kanisa, na wenzake wakamtegea. Akafagia peke yake. Alifagia kwa upande usio sahihi, kutoka mlangoni kwenda mbele, akilisukuma vumbi lote kuelekea madhabahu, kwa sababu hakukuwa na mkubwa wa kumwambia aanze wapi. Katikati ya mabenchi akasimama apumzike, kidevu juu ya mpini wa ufagio. Vumbi lilikuwa linaelea kwenye mwanga wa dirisha. Na hapo, bila kuomba, bila hata kufumba macho, akajua kwamba hayuko peke yake. Hakuona kitu wala hakusikia sauti kwa masikio. Ila ungemlazimisha aliseme kwa maneno, angesema kuna Mtu amemwambia, Nipo. Basi, hilo tu. Alikaa chini na ufagio magotini, amejaa furaha asiyojua aiweke wapi, mpaka mzee wa kanisa alipokuja kufunga mlango akamkuta, akaona na lile rundo la vumbi mbele ya madhabahu, akamgombeza mpaka akalia.

Tangu siku hiyo halikurudi tena. Alikua, akaolewa katika kanisa lilelile, akazaa, akawaleta watoto wabatizwe, akaimba kwaya mpaka sauti ikachoka. Aliomba kila siku, na aliomba kama alivyosuka, yaani mdomo ukienda. Akimaliza kusema alitega sikio kidogo, kama mtu aliyepiga hodi kwenye nyumba isiyo na dalili ya watu, kisha akaondoka zake. Watoto walipokua wakaenda kuanzisha maisha yao, nyumba ikabaki na watu wawili na sauti ya randa, na ile hamu ikamrudia kwa nguvu iliyomshangaza. Alimkosa Mungu jinsi unavyomkosa mtu uliyewahi kukaa naye. Kuna mchana alikuwa anaosha kichwa cha mteja, maji ya vuguvugu yanampita vidoleni, ikamjia kiu ya lile neno moja mpaka ikabidi ageuze uso, asingizie povu limemwingia jichoni.

Ndipo mama mchungaji alipoleta mafundisho katika umoja wa akina mama, wiki baada ya wiki: kufunga, kuomba alfajiri, kusoma Neno taratibu, kunyamaza mbele za Mungu. "Mungu hatumvuti kwa kamba," alisema mama mchungaji. "Haya mazoezi ni kujiweka mahali ambapo akipita atatukuta." Wengine walisinzia. Redio alikaa wima kwenye benchi kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

Akaanza na kufunga. Alichagua Jumatano: chai hakuna, mkate hakuna, mpaka jioni. Nia ilikuwa safi, lakini njaa ina mambo yake, na ya kwake iliteremkia vidoleni. Kila Jumatano alisuka kwa kukaza. Wanawake walitoka pale nyusi zimepanda kama watu walioshtuliwa, wakaenda kulala kifudifudi kwa kuwa kichwa hakigusiki. Haukupita muda wakawa wanachungulia mlangoni kwanza. "Redio, leo umekula?" Akisema amekula, wanaingia, akikaa kimya, wanakumbuka wameacha kitu jikoni. Mwishowe alinaswa mama mchungaji mwenyewe, na jioni ile akatuma ujumbe wa upole kwamba Bwana anautazama moyo, na kwamba pengine ingefaa achague siku ambayo hasuki.

Akahamia kwenye maombi ya alfajiri. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaegemeza paji la uso kwenye godoro, na godoro likafanya kazi yake. Mumewe alimkuta hivyo mara nyingi, anakoroma mbele za Bwana, akamfunika blanketi bila kusema neno. Akajaribu kusoma Maandiko kifungu kimoja kimoja, akikitafuna kutwa. Alifika kwa yule mwana wa mfalme aliyenaswa mtini kwa nywele zake, na badala ya kutafakari ubaya wa kumwasi baba, alishinda akiwaza kwamba kijana yule angesukwa mistari ya kubana kabla ya kwenda vitani, habari ingekuwa nyingine.

Mimi nacheka, lakini yeye hakucheka. Alikuwa anajaribu kwa moyo wake wote, na kila jioni aliposhusha mlango wa saluni alikuwa na uchungu uleule kifuani. Alianza kuogopa kwamba ile Jumamosi ya kanisani aliitunga mwenyewe, kwamba ilikuwa njaa ya mtoto na joto la mchana. Hilo lilimtisha kuliko kutopata kitu. Basi likabaki zoezi moja, na ndilo lililokuwa gumu kuliko yote kwa mtu kama yeye.

Alibandika karatasi mlangoni: Alhamisi asubuhi nasuka, siongei. Karibuni.

Alhamisi ya kwanza ilikuwa kichekesho. Mteja wa kwanza alikaa kwenye kiti chekundu kama anayesubiri majibu ya vipimo. Redio akamwonyesha pakiti ya rasta za kusukia kwa kidole, huyu akatikisa kichwa, akamwonyesha nyingine, akakubali, kazi ikaanza, na kimya kikawa kizito mpaka mteja akaanza kukohoa makusudi. Jirani wa saluni, fundi simu, ambaye kutwa alipiga muziki kupitia spika iliyopasuka, alisoma ile karatasi mara mbili. Kisha akazima muziki. Hakuagizwa. Kila Alhamisi asubuhi alizima, na adhuhuri ikifika aliuwasha kwa sauti ya juu, kama anayetangaza kwamba vita vimekwisha.

Baada ya wiki chache mambo yakageuka. Wanawake waligundua kwamba kukaa saa nyingi mahali pasipo na maneno ni raha, wakaanza kuja kulala. Wengine wakagundua kubwa zaidi: mtu asiyejibu unaweza kumwambia lolote. Wakaanza kumwaga. Mmoja alieleza mambo ya mumewe, mwingine ya mama mkwe, mwingine ya mwana aliyeondoka bila kuaga. Walisema wakitazama kioo, machozi yakiteremka, na Redio akiendelea kugawa nywele kwa mkia wa kitana. Alhamisi ikawa siku yenye foleni kuliko zote.

Na hapa nisimpake mafuta. Redio alikasirika. Yeye aliomba kimya akutane na Mungu wake, akaletewa misiba ya watu, tena siku moja katika wiki ambayo hata pole hawezi kusema. Kwa hiyo akajifunza mbinu. Aliyaacha maneno yao yanyeshe juu ya bati, yeye akakaa ndani. Mikono ilisuka, shingo iliinama inapopasa kuinama, na nafsi yake ilikuwa imejifungia mahali pengine, inasubiri. Alikuwa hodari wa mbinu hiyo kama alivyokuwa hodari wa kuongea.

Mteja ambaye Redio alimpenda kuliko wote siku hizo alikuwa Nesi. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, msichana mrefu mwenye viatu vyeupe visivyopata doa, na alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Hakumwaga chochote. Alisalimia kwa macho, akakaa, akalala. Redio alimwekea taulo lililokunjwa nyuma ya shingo, akamsuka taratibu asimwamshe. Wakizoeana hivyo, bila neno, mwezi baada ya mwezi, ikawa kama undugu. Redio alijiambia kwamba siku Mungu akija, atamkuta anasuka kichwa hiki.

Na ndivyo ilivyokuwa.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, kisha jua likatoka. Nesi alifika amechelewa kidogo, akakaa, lakini hakulala. Redio hakuliona hilo. Aligawa nywele katikati, akaanza upande wa kushoto, akaumaliza, akahamia upande wa pili. Kwenye benchi la ukutani alikuwepo mteja mmoja tu anayesubiri, mama mwenye duka la vitambaa, anasinzia na mkoba kifuani. Mwanga uliingia kwa dirisha la pembeni, na vijinywele vya rasta vikawa vinaelea ndani yake, vidogo sana, vinapanda na kushuka. Redio alivitazama. Kisha akafumba macho, maana vidole havikuhitaji macho.

Kikaja kile alichokingoja. Hakukuwa na kelele wala mtetemo. Ulikuwa utulivu uleule, wenye uzito uleule, kana kwamba mtu ameingia chumbani na kusimama karibu. Haikuwa njaa ya mtoto wala joto la mchana. Alikitambua mara moja jinsi unavyotambua nyayo za mtu wa nyumbani. Machozi yakamjaa chini ya kope, na alitabasamu, na hakuthubutu hata kuvuta pumzi kwa nguvu.

"Dada."

Sauti ilitoka mbali. Ilikuwa ya Nesi, ambaye hajawahi kusema neno kwenye kiti kile.

"Dada, upo?"

Redio alisikia. Asije mtu akasema hakusikia. Alisikia vizuri, na akajua ni swali linalohitaji jibu, hata kama ni kuguswa bega tu. Lakini moyo wake wote ukakaza mlango. Ngoja kidogo, akasema ndani yake. Ngoja, nimekisubiri maisha yangu yote, nikifungua mdomo kitaondoka. Na adhuhuri haijafika. Nimeweka nadhiri, na nadhiri ni nadhiri.

"Upo?"

Vidole vyake viliendelea kusuka. Kisha kichwa cha Nesi kikatoka mikononi mwa Redio, taratibu, jinsi mtu anavyotoa mkono wake kwa mgeni. Redio alipofumbua macho alimkuta Nesi amesimama, anafunga kitambaa kichwani, upande mmoja umesukwa na mwingine umetimka. Walitazamana kwenye kioo kwa nukta moja. Nesi akatoka.

Redio akabaki ameshika kitana. Alifumba macho tena, haraka, arudi pale alipokuwa. Hapakuwa na kitu. Kulikuwa na mlio wa jokofu la jirani na mkoromo wa mama mwenye duka la vitambaa. Akatulia zaidi, akangoja, akaita kimoyomoyo. Hakuna. Na hapo likamjia wazo: kwamba Yule aliyekuwa amesimama pale ameondoka, akamfuata Nesi nje.

Alijitetea. Akasema nadhiri, akasema yule binti angesubiri, akasema wateja wangapi wamelia hapa na sikuwajibu na wakarudi wiki iliyofuata. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililomwondolea wazo lile. Akachukua mfuko, akatia kitana, rasta zilizobaki na kopo la mafuta ya nywele.

"Nesi anakaa wapi?" akauliza.

Mama mwenye duka la vitambaa alizinduka, akaitazama saa ya ukutani. "Redio, bado haujafika muda."

"Najua. Anakaa wapi?"

"Zile nyumba za wauguzi, nyuma ya hospitali. Kuna nini?"

"Nimemwacha na kichwa nusu."

Alipopita mbele ya fundi simu akamwambia amwangalizie saluni, na fundi, aliposikia sauti hiyo Alhamisi asubuhi, alidondosha skrubu ndogo ya simu ya mtu na ikapotea sakafuni. Barabarani watu waligeuka. Yupo aliyesema Redio imewaka. Hakumjibu, na hiyo peke yake ilikuwa habari.

Nyumba za wauguzi zilikuwa safu ya vyumba vyenye mlango mmoja mmoja, sare nyeupe zimeanikwa kwenye kamba mbele yake, zinanuka sabuni. Aliuliza chumba, akaonyeshwa. Akabisha. Akabisha tena. Kwa mara ya kwanza akajua uchungu wa kupiga hodi huku unajua mtu yumo ndani.

"Mdogo wangu, ni mimi. Nimekuja kumaliza kichwa."

Mlango ukafunguliwa kidogo. Nesi alikuwa bado na kitambaa chake, macho yamevimba.

"Dada. Ungeacha tu. Ningekuja wiki ijayo."

"Utembee wiki nzima hivyo? Watasema nimekufukuza. Utaniharibia kazi yangu, jamani."

Nesi alicheka kidogo bila kupenda, akasogea apite. Kilikuwa chumba cha kitanda kimoja, birika la umeme, kabati la nguo, na vile viatu vyeupe vimepangwa mlangoni, leo vikiwa bado na maji ya mvua. Kiti hakikuwepo. Redio akakaa ukingoni mwa kitanda na Nesi akakaa sakafuni katikati ya magoti yake, kama watoto wa kike wanavyosukwa nyumbani na mama zao. Hapakuwa na kioo. Kila mmoja alitazama ukuta uleule.

Redio akafungua kitambaa, akashika nywele pale alipoziacha.

"Nilikusikia," akasema.

Kichwa kikatulia mikononi mwake. "Ulinisikia?"

"Mara zote mbili."

"Nilikuona kwenye kioo," Nesi akasema. "Ulikuwa umefumba macho, unatabasamu. Nikajiambia basi, huyu yuko mahali pake pazuri, nisimsumbue."

Hilo lilimchoma Redio kuliko kama angetukanwa. Alisuka mstari mmoja. Kisha alimweleza, huyu msichana asiyemjua hata jina la ukoo, jambo ambalo mumewe hakuwahi kuambiwa: kanisa, ufagio, vumbi, neno moja. Miaka yote ya kulitaka tena. Jinsi lilivyokuja asubuhi ile, na jinsi alivyoogopa kwamba akijibu litaondoka.

"Sasa likabaki?" Nesi akauliza.

"Hapana. Liliondoka na wewe."

Nje mtu alikuwa anapiga mswaki bombani. Nesi akaanza kusema, akiutazama ukuta.

"Wodini kulikuwa na mtoto. Alikuwa anaogopa giza. Mimi nikiwa zamu, akishtuka ananiita, 'Nesi, upo?' Namjibu, 'Nipo.' Analala. Ndio ulikuwa mchezo wetu. Hata nikiwa mbali namjibu kwa sauti, nipo. Leo alfajiri aliita nikiwa nashughulika na mtoto mwingine, nimeshika sindano ya dripu, mkono mwembamba, mshipa hauonekani. Nikasema moyoni, ngoja kwanza nimalize hili. Sikujibu. Akaita tena. Nilipofika kitandani kwake..."

Hakumaliza, na haikuhitaji kumalizwa.

"Daktari amesema isingebadilisha kitu," akasema baadaye. "Najua hivyo. Nimesomea. Lakini angesikia tu, dada. Ningesema tu neno moja, hata bila kugeuka."

Hapo maneno yote ya Redio yakaja mbio mdomoni, na alikuwa nayo mengi, ya kanisani na ya mtaani: kwamba ni mpango wa Mungu, kwamba mtoto amepumzika, kwamba usijilaumu, kwamba kuna mwenzako mmoja naye yalimkuta haya haya. Miezi michache nyuma angeyamwaga yote kabla Nesi hajafuta machozi. Sasa aliyaona yanavyofika, akayaona jinsi yalivyo mepesi, akayameza. Ilimgharimu. Vidole vyake vilisimama, akaviweka tu juu ya kile kichwa, upande uliosukwa na upande ambao bado, na kuviacha hapo.

"Pale saluni sikutaka unijibu kitu," Nesi akasema, sauti imekatika. "Nilitaka kujua tu." Akavuta pumzi. "Dada, upo?"

"Nipo," akasema Redio.

Akalisikia neno hilo likitoka katika kinywa chake mwenyewe, kwa sauti yake ileile ya kutangazia habari za mtaa, iliyochoka na kwaya. Ndilo hilohilo. Alilitafuta kwa njaa, kwa magoti, kwa karatasi mlangoni, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna siku litamhitaji yeye alitamke. Alitaka kulia, lakini zamu ya kulia haikuwa yake.

Akaendelea kusuka. Nesi alilia kwa muda, akatulia, akalia tena kidogo. Kila baada ya kitambo aliuliza, na kila mara alijibiwa, hata aliponong'ona tu. Mistari ya upande wa pili haikuwa sawa na ya kwanza, kwa kuwa hapakuwa na kioo na machozi hayasaidii kazi, na siku nyingine Redio angefumua aanze upya. Aliiacha. Akafunga ncha za mwisho, akapaka mafuta, na alipotaka kusema nimemaliza akaona kichwa kimeshuka juu ya goti lake. Nesi alikuwa amelala, kwa mara ya kwanza tangu zamu yake ianze.

Kutoka ng'ambo ya hospitali, mbali, ukasikika muziki wa spika iliyopasuka. Adhuhuri ilikuwa imefika. Sasa alikuwa huru kuongea, na hakuwa na mtu wa kumwongelesha wala neno la kusema.

Alitazama chumba. Mwanga wa dirisha ulikuwa umelala juu ya vile viatu vyeupe mlangoni. Alitafuta ule utulivu wa asubuhi, ule uzito wa mtu aliyesimama karibu, na akauacha mwili wake wote uungoje. Hakusikia kitu isipokuwa pumzi ya Nesi. Kiu ilikuwa palepale, haikupungua hata tone, na ilimuuma kama siku zote. Basi akafanya kitu kimoja ambacho katika maombi yake yote, marefu na mafupi, hakuwahi kukifanya. Hakueleza, hakuomba, hakukumbusha. Aliuliza tu kama mtoto yule wa wodini.

Upo?

Kisha akakaa kungoja. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi na kichwa cha mtu kilikuwa juu yake, kizito kwa usingizi, hata angetaka kuondoka asingeweza. Hakutaka. Aliweka mkono wake juu ya mistari isiyo sawa, na safari hii, akiisha kupiga hodi, akabaki mlangoni.